Kibao Tulichokiruka

Barua ilikuwa na mistari minne. Mimi shule niliishia darasa la nne na kusoma kwangu ni kwa kidole, lakini hiyo niliisoma mara moja tu ikaniingia. Chumba namba sita cha kituo kitageuzwa stoo ya mafaili mwisho wa mwezi, na piano itaondolewa, isipokuwa darasa la piano litoe mwanafunzi angalau mmoja atakayefaulu mtihani wa daraja la kwanza. Mtihani ni Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, ukumbi wa makao makuu. Sahihi: Mkurugenzi.

Chumba namba sita ndimo alimofundishia mke wangu miaka ishirini na miwili.

Mimi ni fundi seremala wa kituo. Karakana ninayo kwenye makaratasi tu, maana ile yenyewe Mkurugenzi aliona inafaa kulaza gari lake lisipigwe jua. Basi nikahamia kona ya chumba cha mke wangu, na kwa miaka kumi na mmoja nilipiga randa miguu ya viti huku watoto wakiitesa piano. Nota sijui hata moja. Nikitazama kile kitabu naona inzi wametua kwenye waya. Lakini kila kipande wanachofundishwa wanaoanza nakijua mwanzo hadi mwisho, na najua kila mahali mtoto anapojikwaa, kama ninavyojua ngazi ya nyumbani kwangu gizani.

Mke wangu alifariki miezi kumi na minne iliyopita. Hospitali walimwambia njoo kesho, njoo kesho, njoo kesho. Siku ya nne kitanda kilipatikana, mwenye kukilalia hakuwepo. Nilikaa mbele ya kile kioo cha mapokezi wiki nzima baada ya mazishi nikitaka mtu mmoja tu aniambie tulikosea. Nyuma ya kioo kulikuwa na watu sita. Kila mmoja alikuwa na jambo la kuandika.

Jumamosi iliyofuata watoto sita walisimama mlangoni pa chumba na vitabu vyao. Hakuna aliyekuwa amewaambia wasije. Ofisini niliambiwa mchakato wa kupata mwalimu mwingine unaendelea. Kwa kuwa ufunguo ninao, nikafungua. Nikamwambia mmoja apige, mimi nikaendelea na kiti changu. Akakosea.

"Hapo sipo," nikasema bila kuinua kichwa.

Akarudia.

"Hapo sipo."

Mara ya tatu akapata. Ndivyo nilivyokuwa mwalimu. Hakuna aliyeniteua, na mshahara ni ule ule wa viti.

Nilifundisha kwa nilichokuwa nacho. Mke wangu alikuwa akiwaambia wasilegeze kifundo cha mkono, nao walikuwa wakilegeza. Mimi nikachukua pimamaji, ile ndogo ya kupimia rafu, nikawawekea mgongoni mwa mkono. "Kiputo kikae katikati. Kikikimbia, umepinda." Ndani ya mwezi mmoja walikuwa wakigombania nani kiputo chake kimetulia zaidi. Aliyepiga kwa vidole bapa nilimpaka chaki ya seremala kwenye ncha, kisha tunatazama pamoja alama kwenye vibao. Chaki haina upendeleo.

Alikuwepo mmoja tuliyemwita Haraka. Kila kipande alikipiga kama anayefukuzwa na nyuki.

"Unakimbia nini?" nikamuuliza.

"Nataka nifike mwisho kabla sijakosea, Babu Fundi."

Nikaacha gundi ikauka kwenye brashi nikimfikiria yule mtoto. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wanne wenye ugonjwa huo huo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuukiri waziwazi namna ile.

Lakini wa kufaulu mtihani alikuwa mmoja tu, na sote tulijua. Mchwa. Mke wangu ndiye aliyempa jina hilo kwa kuwa penseli haikukaa kwake siku mbili bila kuliwa hadi kwenye risasi. Miaka tisa, mwembamba, mkaidi, anaishi na bibi yake ambaye ni dobi. Bibi humleta mwenyewe kila Jumamosi, hukaa kwenye kiti kinachosubiri kuungwa, na husinzia akiwa amefumbua macho.

Wiki tatu nilimfunga Mchwa kwenye kipande kimoja. Kiputo katikati. Chaki. Polepole. Tena. Mahali pagumu kwanza, kisha ndipo mwanzo. Hakuna nilichosahau. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Fomu ilikuwa shida nyingine. Ilitaka jina la mwalimu mwenye cheti na namba yake ya usajili. Mimi cheti changu ni makovu ya patasi. Nikachukua fomu ya mwaka juzi, nikanakili kama ilivyo, jina la mke wangu, namba yake, herufi moja baada ya nyingine. Kwenye mafaili yao bado alikuwa hai. Huko mtu hafi mpaka barua ifike. Nikaipeleka kwa karani, karani akaipeleka juu, ikarudi imepigwa sahihi na muhuri. Nilijua ni kosa. Nilijua pia kwamba bila kosa hilo hakuna mtihani, na bila mtihani mafaili yao yatalala pale alipokuwa akikaa mke wangu.

Alhamisi saa nne kasorobo tuliingia ukumbini, mimi, Mchwa na bibi yake. Sakafu iling'aa kama sahani. Piano ilikuwa nyeusi, ndefu, imefunuliwa mdomo. Nyuma ya meza alikaa mtahini, mama wa makamo mwenye mafua makali, kikombe cha maji ya moto mkono mmoja na leso mkono mwingine. Kando yake Mkurugenzi, mguu juu ya mguu.

"Wazazi na wasindikizaji mkae nyuma kabisa," alisema mtahini. "Asiongee mtu. Akiongea, mtoto wake amekosa. Tumeelewana?"

Tukakaa. Mchwa akapanda kwenye kiti cha piano, akafuta viganja kwenye sketi. Viganja vilikuwa sawa. Mgongo sawa. Akainua mikono.

Ndipo nikavitazama vile vibao. Vyote vilikuwa vimenyooka, vimekamilika, hakuna kilichozama.

Piano yetu ina Pengo. Ni kibao cheupe karibu kabisa na katikati. Miaka mitatu iliyopita kinyundo chake cha ndani kilivunjika na nyaya zake zikakatika. Kinyundo nilikichonga upya mwenyewe kwa mti mgumu. Waya sikuweza kuchonga. Mke wangu aliandika barua tatu kuomba waya wa shilingi chache tu, zikapigwa muhuri na kuwekwa mahali pema. Kibao chenyewe kilikuwa kikibonyezwa kinakwama chini na kumvuta jirani yake, halafu somo linasimama mpaka nije na bisibisi. Kwa hiyo mke wangu aliwakataza watoto kukigusa. Mkono ukifika pale, ruka, na ile sauti iimbe kwa mdomo. Taa. Watoto walizoea ndani ya wiki. Mimi nilizoea zaidi yao. Masikioni mwangu kile kipande kilikuwa kizima, kwa sababu hakuna Jumamosi niliyokisikia kina tundu.

Wiki tatu, na sikumwambia kwamba duniani kuna piano zisizo na Pengo.

Kipande kina Pengo mara tano.

"Anza," alisema mtahini.

Akaanza. Akaanza vizuri, Mungu wangu, kila kidole mahali pake. Bibi yake alinishika mkono wa shati. Mimi nilikuwa nahesabu. Sasa hivi. Sasa.

"Taa," akaimba Mchwa.

Kalamu ya mtahini ikasimama. Mchwa akaendelea kama kawaida, mkono umeruka kama swala juu ya kamba.

"Taa."

Mkurugenzi akageuza uso kuficha kicheko, na hakuuficha vizuri.

"Taa."

"Simama kwanza, mwanangu," alisema mtahini. Akajifuta pua. "Mbona unaimba?"

"Ni pale pa Pengo, mama."

"Pengo gani?"

Mchwa akanyoosha kidole bila kugusa, kama mtu anayeonyesha pasi ya moto.

"Kibonyeze."

"Kitakwama."

"Bonyeza, mwanangu."

Akageuka kunitafuta. Mimi nilikuwa nimekatazwa kusema. Akabonyeza kwa kidole kimoja na kukirudisha haraka. Piano ikaitika. Sauti nene, ya mviringo, ikabaki hewani.

"Kumbe kina sauti," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akageuka mwili mzima kunitazama, na yale macho nisingemtakia hata Mkurugenzi.

"Mama mtahini," alisema Mkurugenzi, "nadhani tumeona ya kutosha. Nilishasema hawa watoto hawafundishwi, wanachezeshwa. Tufunge fomu tuokoe muda."

Mtahini alifungua kijitabu cha kanuni, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Akisimama au akisimamishwa katikati amekosa," alisoma. "Anaruhusiwa kurudia mara moja tu, kama kosa ni la mafunzo au la chombo, si la mtoto, na mwalimu wake akalikiri mbele yangu na kuweka sahihi." Akachukua fomu, akataja jina la mke wangu lote kwa ukamilifu. "Yupo hapa?"

Ni muda mrefu sikuwa nimelisikia likitajwa kwa sauti.

"Mwalimu wa mtoto huyu yupo?"

Bibi alinifinya. "Fundi, kaa kimya," alinong'ona bila kusogeza midomo. "Ukisimama watakufunga. Mtoto atafanya mwaka ujao."

Mwaka ujao hakutakuwa na chumba. Nikikaa kimya, Mchwa ameshindwa kwa kosa ambalo si lake, na chumba kimekwenda, lakini mimi naenda nyumbani na kazi yangu na kiinua mgongo changu. Nikisimama, huenda vyote vikaenda, chumba, kazi na mimi mwenyewe. Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika karatasi ya ratiba ya mtihani na nimeinama juu yake kama ninaisoma. Nilikuwa na jambo la kusoma. Wale sita wa nyuma ya kioo walikuwa na jambo la kuandika.

Nikasimama.

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Jina hilo ni la mke wangu, alishafariki. Niliandika mimi. Na kosa la kile kibao ni langu, sikumwambia. Mtoto hana kosa hata moja."

"Huyu?" Mkurugenzi aliuliza, akanyanyuka nusu. "Huyu ni fundi wa viti!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hata kile unachokalia ofisini niliunga mimi. Kilivunjika miguu miwili ya mbele."

"Mama, huu ni udanganyifu. Andika hapo, udanganyifu."

"Nitaandika," alisema mtahini. "Mwalimu alifariki lini?"

"Miezi kumi na minne, mama."

Akaigeuza fomu kwa Mkurugenzi, akaweka kidole chini kabisa. "Hapa pameandikwa: nathibitisha kwamba mwalimu aliyetajwa yupo kazini. Hii sahihi ni ya nani?"

Mkurugenzi akainama, akatoa miwani, akairudisha. "Siku ile niliwekewa mafaili mengi sana."

"Hukuwa na habari kwamba amefariki?"

"Habari... kituo kina watumishi wengi, mama."

"Alisoma hotuba kaburini," nikasema. "Kurasa tatu."

Mtahini akapiga chafya, au alijifanya kupiga chafya, akakaa ndani ya leso muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa na maji.

"Njoo uweke sahihi," aliniambia. "Yako, si ya marehemu."

Niliandika jina langu herufi moja baada ya nyingine. Nilichukua muda mrefu mpaka Mkurugenzi akatazama saa mara mbili. Mtahini hakutazama saa. Alikuwa akimtazama Mchwa.

"Mwanangu, ipe mgongo piano. Niimbie hilo Pengo lako."

"Taa," aliimba Mchwa kwa hasira, mikono kifuani.

Mtahini akainuka na leso yake, akabonyeza kile kibao. Sauti ilikuwa ile ile, hakuna tofauti hata ya unywele. Akakibonyeza tena, akatikisa kichwa kidogo, akarudi kukaa.

"Haya, rudia kipande. Mara hii kwa vidole."

"Sitaki."

Bibi yake alisema "We mtoto!" kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akikumbuka amri.

"Hutaki kwa nini?" aliuliza mtahini.

"Babu Fundi ni mwongo. Alisema kimekufa."

Mtahini akaniangalia. Nikaelewa amenipa ruhusa, na kwamba hatanipa mara mbili. Nikaenda mpaka kwenye piano. Karibu, nikaona kidevu cha Mchwa kinatetemeka.

"Chetu kimekufa kweli," nikasema. "Hiki cha watu kizima, na mimi nilisahau kukuambia. Nimekosea, mjukuu wangu. Nisamehe."

"Ulisahau kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Na mimi nimechekwa."

"Umechekwa kwa sababu yangu."

Akafikiria. Mtoto wa miaka tisa akifikiria, mtu mzima anaweza kuzeeka akimsubiri. Kisha akajigeuza kwenye kiti, akafuta viganja.

"Nenda ukakae," akaniambia.

Nilikwenda nikakaa.

Akaanza. Polepole kuliko mwanzo, na sikumlaumu. Pengo la kwanza: kidole kilishuka, na mdomo nao ukaimba, vyote kwa pamoja. Mtahini akaandika kitu. Pengo la pili mkono ukaruka wenyewe, ukatua upande wa pili, na safari hii hata mdomo haukuimba. Palibaki shimo tupu. Nilimwona Mchwa mabega yakipanda. Nikasema moyoni, usisimame, usisimame, pita. Hakusimama. Pengo la tatu kidole kikaning'inia juu ya kibao kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, halafu kikashuka kwa kuchelewa. La nne likaja lenyewe. La tano likaja na kukaa, akalishikilia hadi mwisho wa kipande, na akaondoa mikono kwa utaratibu kama alivyofundishwa na aliyemfundisha kwanza.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtahini alijumlisha, akarudia kujumlisha.

"Kufaulu ni sitini," alisema. "Amepata sitini na moja."

Bibi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu.

"Lakini, mama," Mkurugenzi alianza, "darasa lenyewe halina mwalimu, kwa hiyo matokeo..."

"Mtoto ametahiniwa, matokeo ni yake. Mambo ya fomu nitayaandika kwenye ripoti, ya kwenu wote wawili. Wewe utajibu ya kwako, na yeye atajibu ya kwake." Akanigeukia. "Na utayajibu, baba. Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani, mama."

Mkurugenzi alitufuata mpaka kwenye korido. Alikuwa amerudisha sauti yake ya ofisini.

"Chumba kitabaki, kwa kuwa nilishaandika. Lakini wewe mzee hufundishi tena. Ukishaitwa na kamati ndiyo tutajua hata kama viti utaendelea navyo. Mwalimu mwenye cheti ataletwa ndani ya siku thelathini."

"Na hizo siku thelathini, watoto wawe na nani?"

Akageuka, akarudi ukumbini. Mimi nazijua siku thelathini za wale watu. Nimeona mtoto akizaliwa na kuota meno ndani yake.

Nje, Mchwa hakunipa mkono. Alishuka ngazi mbili mbele yetu, akasimama, akageuka. Jua lilinipiga machoni na sikumwona uso.

"Kuna kingine hujatuambia?"

Nilikuwa nimechoka kuogopa siku hiyo. "Kipo. Sijui kusoma nota. Hata moja."

"Hicho tunakijua."

"Mnakijua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya kwanza. Ulimwekea Haraka kitabu kichwa chini miguu juu. Akapiga kwa kukumbuka tu, asikuaibishe."

Bibi yake alicheka mpaka akashika ukuta. "Fundi!" alisema. "Fundi, na mimi niliona! Nikadhani ndivyo kinavyosomwa!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa najaribu kukumbuka nilimwambia nini Haraka siku ile, na kama nilimsahihisha.

"Jumamosi wa kwanza kupiga ni mimi," alisema Mchwa, akaanza kushuka ngazi. "Haraka atasubiri."